Mashapo na Madaftari: Mhadhara juu ya Ilimu ya Miamba na Hifadhi ya Habari Zake



Katika nchi zetu hizi, mtu akisikia kuwa mgodi mpya umegunduliwa, aghalabu hudhani moja katika mambo mawili: ama kwamba Mwenyezi Mungu amemjaalia mja wake bahati akajikwaa juu ya jiwe linalong'aa, ama kwamba imekuja mashine kutoka ng'ambo ambayo, ikielekezwa ardhini, huyafichua yote yaliyomo chini bila ya taabu. Nimeitwa jioni hii niseme juu ya jambo la tatu, lisilo na ladha ya hekaya wala fahari ya mitambo, nalo ni madaftari: ramani, habari za mashimo yaliyochorongwa, vipande vya mawe vilivyotiwa namba, na karatasi zilizoandikwa na watu ambao wengi wao wamekwisha kufa. Dai langu ni kwamba mashapo ya madini, kabla hayajawa mali ya mchimbaji, huwa kwanza ni mali ya maandishi. Na nchi iliyoyapoteza maandishi hayo huinunua ilimu ile ile mara mbili, na mara ya pili huinunua kwa bei iliyo juu zaidi.

Nianze na Mwadui, maana ndiyo hekaya ipendwayo kuliko zote. John Williamson, Mkanada aliyesomea jiolojia katika Chuo Kikuu cha McGill, aligundua almasi za Mwadui mwaka 1940, na tangu siku hizo watu wamesimuliana kisa chake kwa sura nyingi, mara pana mbuyu, mara pana gari lililokwama matopeni, na katika kila sura bahati ndiyo shujaa. Sitaki kumnyima bahati yake. Lakini msimuliaji husahau kwamba almasi zilikuwa zikichimbwa Mabuki, kusini ya Mwanza, tangu miaka ya 1920, na kwamba Williamson mwenyewe alikuwa ametumikia kazi ya kutafuta almasi katika sehemu hizo za Usukuma miaka kadhaa kabla ya kuipata yake, hata akajua ni mawe gani yanayofuatana na almasi na ni mawe gani yasiyofuatana nayo. Almasi haizaliwi pale ilipookotwa. Hupandishwa kutoka kina cha zaidi ya kilomita 150 ndani ya mwamba uitwao kimberlaiti, ambao hububujika kwa ghafla na kuacha bomba la mawe katika ardhi. Na mwamba huo hupanda na abiria wengine walio wengi mno kuliko almasi, kama vile ganeti nyekundu na ilmenaiti nyeusi iliyo nzito, ambazo hazina thamani sokoni ila kwa mtafutaji ni barua ya utambulisho. Mwenye ilimu huosha udongo na kuzihesabu punje hizo, akaandika hesabu yake mahali kwa mahali, na hesabu ikizidi upande mmoja huelekea upande huo. Bomba la Mwadui lina eneo la hekta 146 hivi, nalo ni katika makubwa kabisa yaliyopata kuchimbwa duniani. Na ajabu si kwamba lilipatikana, bali ni kwamba lilijificha chini ya changarawe na nyasi kwa muda wote ule.

Sasa yafaa tuelewane juu ya mashapo yenyewe, kwa sababu wengi hudhani kuwa kutafuta dhahabu ni kutafuta mahali palipo na dhahabu. Dhahabu iko kila mahali. Ukichukua tani moja ya mwamba wowote wa kawaida, hata huu uliojengewa msingi wa jumba hili, utakuta ndani yake miligramu chache za dhahabu, na hapana mtu atakayetajirika kwazo. Mgodi wa shimo la wazi, ili ujilipe, huhitaji gramu moja au karibu na hiyo katika kila tani, maana yake ni kwamba maumbile yenyewe lazima yawe yamekwisha kuikusanya dhahabu mara mia kadhaa kuliko ilivyotawanyika kwa desturi. Swali la mjiolojia basi ni jinsi ilivyokusanyika: nini kiliichukua, ikapita njia gani, na nini kiliilazimisha itue pale ilipotua.

Katika Geita swali hilo lina jibu linalopendeza akili. Miamba ya kule ina umri wa zaidi ya miaka milioni 2,600, na baadhi yake ni mawe ya chuma yenye mistari mistari, yaliyotandikwa chini ya bahari ambayo haipo tena. Baadaye maji ya moto yakapanda kutoka chini kwa njia ya nyufa, yakiwa yamebeba dhahabu iliyofungamana na salfa. Na yalipokutana na mawe yale, chuma kikaitwaa salfa kikawa pairaiti, na dhahabu, ikiwa imenyang'anywa mchukuzi wake, haikuwa na budi kushuka pale pale. Mtu akilifahamu jambo hilo hatafuti tena kimetameta cha manjano, bali hutafuta mahali ambapo mambo mawili yamekutana, yaani ufa uliopitisha maji na mwamba wenye chuma. Na kwa kuwa chuma kile huivuta sumaku, chaweza kusomwa hata kama kimefunikwa na mchanga, na mbuga, na udongo mwekundu wa mita nyingi, kwa kurusha ndege yenye chombo cha kupimia nguvu ya sumaku. Ndivyo nadharia, ambayo watu wa mjini huiona kuwa ni anasa ya vyuo, inavyokuwa dira ya mtu anayekwenda kwa miguu.

Basi yanatoka wapi maarifa hayo ya kusema ufa uko hapa na chuma kiko pale? Hapa ndipo lazima nirudi nyuma kidogo katika tarikhi. Wajerumani walipoitawala nchi hii walimtuma Wilhelm Bornhardt, aliyeizunguka katika miaka ya 1890 na kuchapisha kitabu chake huko Berlin mwaka 1900, kitabu ambacho wanajiolojia wa leo bado wanakitaja. Dhahabu ya Sekenke, iliyochimbwa zama hizo hizo za Wajerumani, ilitumika mwaka 1916 kupigia sarafu za rupia 15 mjini Tabora, zenye sura ya ndovu, wakati vita vilipowakatia njia ya kuletewa fedha. Mkusanyaji wa sarafu huzipenda leo kwa sababu zake, nami nazitaja kwa sababu ni nadra kuona mashapo yakigeuka fedha karibu hivyo na mlango wake. Kisha Waingereza, mwaka 1925, wakaianzisha Idara ya Jiolojia, makao yake yakiwa Dodoma, na mkurugenzi wake wa kwanza akawa E. O. Teale. Idara hiyo ndiyo, baada ya kubadili majina na mabwana, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania ya sasa, nayo haijapata kuhama Dodoma.

Kazi kubwa ya idara ile ilikuwa kuigawa nchi katika miraba ya robo digrii, yaani robo ya mraba wa digrii moja, kila upande wa mraba ukiwa na urefu wa kilomita 55 hivi, na kuupimia kila mraba karatasi yake. Nataka mlitazame jambo hili kwa karibu, kwa sababu karatasi ya namna hiyo ikishachapishwa hufanana na picha ya rangi tu, na mtu hukosa kuona jasho lililomo. Eneo la mraba mmoja ni kadiri ya kilomita za mraba elfu tatu. Mjiolojia aliingia humo na nyundo, dira, lenzi ya mfukoni na daftari, akafuata mikondo ya mito, kwa kuwa mto huuchana udongo na kuufunua mwamba, na kila alipoukuta mwamba alipima umeinamia upande gani na kwa pembe ya kiasi gani, akavunja kipande, akakitia namba. Vipande hivyo vilipofika Dodoma, baadhi yake vilikatwa na kusuguliwa mpaka unene ukabaki sehemu tatu katika mia za milimita, ambapo jiwe jeusi tititi huruhusu mwanga kupenya na, chini ya hadubini, hujidhihirisha kwa rangi za zambarau na samawati na njano ambazo mwenye mazoea huzisoma kama jina. Ndipo mistari ikachorwa katika ramani. Mstari ulio mzima maana yake ni kwamba mpaka wa miamba umeonekana kwa macho. Mstari uliokatikakatika maana yake ni kwamba umekisiwa. Nawasihi wanafunzi wasiidharau tofauti hiyo, kwani uaminifu wote wa kazi umo ndani yake, na nimeona watu wazima wakiweka fedha nyingi juu ya mstari uliokatikakatika wakidhani ni mzima.

Wala haifai kusahau kwamba mjiolojia yule hakwenda peke yake. Walikuwako wachukuzi, wapishi, wachimba mitaro, na wenyeji waliojua ni bonde gani lina maji wakati wa kiangazi na ni kilima gani kina mawe mazito. Na majina yao aghalabu hayakuandikwa popote, ijapokuwa majina ya mawe waliyoyabeba yameandikwa yote.

Katika watumishi wa idara ile alikuwako bwana mmoja aitwaye T. C. James, ambaye pengine hapana hata mmoja kati yenu aliyepata kumsikia. Mwaka 1955 yeye na mwenziwe A. P. Fawley walichapisha habari za Kilima cha Panda, karibu na Mbeya, chenye madini ya niobiamu, na habari zile hata leo ndizo mtafutaji wa kilima kile huanzia. Lakini kazi yake ninayotaka kuitaja ni nyingine. James alizifuata chemchemi za maji moto, moja baada ya moja, katika nchi nzima, akapima joto lake, akapima chumvi zake, na zaidi ya hayo akazikinga hewa zinazotoka kwa mapovu na kuzipeleka zikachunguzwe. Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 1967 katika jarida la taasisi moja ya wana-madini ya Uingereza. Katika majedwali yale, kando ya naitrojeni na hewa nyingine za kawaida, baadhi ya chemchemi ziliandikiwa heliamu, tena kwa kiasi kisicho cha kawaida hata kidogo.

Nani alikuwa na haja na heliamu ya Tanzania mwaka 1967? Hapana mtu. Marekani walikuwa nayo ya kuwatosha na kuwauzia wengine, na hospitali zilikuwa bado hazina zile mashine za kupiga picha za ndani ya mwili ambazo sumaku zake hazifanyi kazi ila zipozwe kwa heliamu iliyogeuzwa maji, kwenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Tarakimu za James zikalala. Zikalala takriban miaka hamsini. Kisha wataalamu wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni iitwayo Helium One, walipokuja kujiuliza ni wapi duniani heliamu yaweza kukusanyika kwa wingi, mahali pa kuanzia palikuwa pamekwisha kuandikwa; wakarudi katika chemchemi zile zile, wakakinga hewa upya kwa vyombo vya kisasa, na katika mwaka 2016 wakatangaza kwamba katika bonde la Rukwa hewa inayotoka ina heliamu ifikayo karibu asilimia 10, na kwamba makisio ya kilichomo chini ni futi za ujazo bilioni 54. Makisio, nasema, si hesabu ya ghala. Lakini visima vimechorongwa huko tangu 2021, na mwaka 2024 kisima cha Itumbula Magharibi kilitoa heliamu mpaka juu ya ardhi.

Sababu ya heliamu kuwako pale inafaa ielezwe, maana nayo ni mfano wa jinsi tarakimu za kale zinavyongoja nadharia mpya. Urani na thori zilizomo katika miamba mikongwe ya katikati ya nchi yetu huoza pole pole, na katika kuoza kwake kila chembe hutupa heliamu. Heliamu hiyo hubaki imefungiwa ndani ya mawe kwa mamilioni na mamilioni ya miaka, na ingeendelea kubaki humo lau si kwa joto la Bonde la Ufa, ambalo katika zama za karibu limeipasha miamba ile na kuifungulia njia. Basi pahala pa kutafuta ni pale ambapo mwamba wa kale umekutana na moto mpya, ila usiwe karibu mno na volkano, kwani hapo hewa nyingine huipunguza heliamu hata ikawa haina faida. James hakuyajua haya. Aliandika alichokiona, akaandika na mahali alipokiona, na hilo likatosha.

Mfano wa pili ni wa kinyume chake, nao si wa kwetu. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Kanada iitwayo Bre-X ilitangaza kwamba imepata dhahabu mahali paitwapo Busang, katika misitu ya Kalimantan, Indonesia, na hesabu yake ikapanda mwaka hadi mwaka mpaka ikasemwa ni wakia milioni 70, jambo ambalo lingelifanya kuwa shapo kubwa kupita karibu yote yanayojulikana. Wenye hisa walitajirika katika karatasi. Ili mwelewe kilichowaponza, lazima mwelewe kwanza sanduku la sampuli.

Mtambo wa kuchoronga unapoteremka mwambani hutoa mche wa jiwe, mviringo, unene wake sentimita 5 au 6, na mche huo hupangwa safu kwa safu ndani ya sanduku refu kwa utaratibu ule ule ulivyotoka ardhini. Baina ya kipande na kipande huwekwa kibao kidogo kilichoandikwa kina, mita 87, mita 90, mita 93. Mjiolojia hupiga magoti mbele ya sanduku na kuandika kila badiliko analoliona: hapa mwamba umekuwa wa kijani, hapa pana mshipa wa kwatzi wa upana wa kidole, hapa vipande vimevunjikavunjika na pengine ni ufa. Kisha mche hupasuliwa kwa msumeno wenye meno ya almasi, kwa urefu wake, nusu kwa nusu. Nusu moja hutiwa mfukoni na tikiti yake ikapelekwa maabara, na baina ya mifuko hiyo hupenyezwa mifuko ya mtego: mmoja una mawe yasiyo na dhahabu kabisa, mwingine una unga ambao kiasi chake cha dhahabu kinajulikana, ili maabara ikikosea ijulikane kuwa imekosea. Nusu ya pili hurudi sandukuni na sanduku hurudi bandani. Nusu hiyo ya pili haina kazi nyingine duniani ila kungoja mtu asiyeamini.

Katika Busang nusu ya pili haikuwako. Miche ilisagwa yote, na sababu iliyotolewa ilikuwa ya kitaalamu kwa sura yake. Hata ikawa hapana kilichobaki cha kulinganishwa na matokeo ya maabara. Mwanzoni mwa mwaka 1997 kampuni ya Freeport ilipochoronga mashimo yake kando ya mashimo ya Bre-X haikukuta kitu cha maana, na mwezi wa Mei mwaka huo wakaguzi wa kampuni ya Strathcona wakathibitisha kwamba sampuli zilikuwa zimetiwa dhahabu kwa mkono, dhahabu ya mtoni iliyokwisha kuviringika kingo, isiyoweza kuwa imetoka katika mwamba ule. Kanada ikatunga mwaka 2001 kanuni kali za jinsi habari za mashapo zinavyopaswa kutangazwa na nani aweke sahihi yake chini. Mimi husema kwamba kanuni zote zile ni tafsiri ndefu ya amri moja fupi: usiitupe nusu ya pili.

Turejee kwetu. Kule Kabanga, wilayani Ngara, mpakani na Burundi, nikeli ilitambuliwa katika miaka ya 1970 na mradi wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, uliokuwa ukikusanya sampuli na kuchoronga kwa ajili ya serikali, bila ya nia ya kuchimba. Tangu miaka ya 1990 kampuni ya Sutton ikaendelea palipoachwa, ikapata mwili wa mbale mwingine upande wa kaskazini. Sutton ikanunuliwa na Barrick mwaka 1999. Baadaye Barrick ikashirikiana na Falconbridge, iliyomezwa na Xstrata, nayo Xstrata ikaungana na Glencore. Na mwaka 2021 kampuni ya Tembo Nickel, ambayo serikali ina hisa ndani yake, ikaanzishwa. Mkihesabu, ni zaidi ya miaka arobaini na tano tangu shimo la kwanza, na nikeli bado imo ardhini. Mtu wa haraka atasema huo ni ushahidi wa kushindwa. Mimi naona jambo lingine: katika mikono yote ile iliyopokezana, kila mmoja alinunua hasa kitu kimoja, nacho ni habari. Mwamba haukuhama. Kilichokuwa kikipanda thamani ni rundo la masanduku, ramani na majedwali, na kama rundo hilo lingeteketea katika mojawapo ya makabidhiano, mnunuzi wa mwisho angekuwa amenunua kilima tu.

Ndiyo maana nililipokea kwa furaha badiliko la sheria ya madini ya mwaka 2017, lililoweka wazi kwamba takwimu za madini zinazokusanywa chini ya leseni ni mali ya serikali, na kwamba mwenye leseni hana budi kuziwasilisha kwa Taasisi ya Jiolojia zihifadhiwe katika benki ya taifa ya takwimu hizo. Kabla ya hapo, kampuni iliyoshindwa iliweza kuondoka na madaftari yake, na aliyekuja baada yake akachoronga pale pale palipokwisha kuchorongwa, akakuta kile kile, yaani patupu. Shimo lililokosa kitu ni habari, tena ni habari ghali kuliko nyingi, na hapana mfanyabiashara aipendaye kuitoa, kwa kuwa aonavyo yeye ni aibu. Lakini sheria huamrisha tu uwasilishaji, haiamrishi ubora. Takwimu zikiletwa bila ya kusema zilipimwa kwa njia gani, na maabara ipi, na kwa mfumo upi wa kuonyesha mahali, zitajaza ghala na zitamshinda msomaji. Na hapa nasema wazi lililo moyoni: afisa mmoja hodari wa kupokea na kukagua takwimu hizo, anayelipwa mshahara wa kumfanya asihamie kampuni ya watu, ana faida kwa taifa kupita warsha kumi.

Siku hizi mazungumzo mengi ni ya ndege. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nchi nzima ilirushiwa ndege zilizopima sumaku na mionzi, katika njia zilizoachana kilomita moja; na takwimu za kazi hiyo zimekuwa zikitumiwa tangu hapo na kila mtafutaji makini. Kisha yakafanywa marusho ya karibu karibu zaidi katika baadhi ya sehemu, na Wizara ya Madini, katika Dira yake ya 2030, ilieleza kwamba sehemu ya nchi iliyokwisha kupimwa kwa namna hiyo ya kina ni asilimia 16, nayo inakusudia kuifikisha asilimia 50. Ni kusudi jema. Naongeza tahadhari moja tu, kwamba kipimo cha mionzi kutoka angani husoma potasi, urani na thori zilizomo katika udongo wa juu, kadiri ya sentimita 30 au 40, basi, na kipimo cha sumaku hueleza umbo bila ya kutaja jina. Mtu hana budi kushuka, apige nyundo, aangalie. Ndege huonyesha pa kutembea. Kutembea kwenyewe hakujapata badala.

Na watembeao zaidi ya wote ni wachimbaji wadogo. Katika maduara ya Geita, na Chunya, na Mara, wamo watu ambao wameufuata mshipa mmoja kwa mikono kwa miaka, wakajua unavyolala, unapojibana, unapokatwa na ufa na kutokea tena upande wa pili, na maarifa hayo ni yale yale ambayo kampuni huyanunua kwa mita za uchorongaji. Ila hayaandikwi, na duara likijaa maji yamekwenda. Taasisi ya Jiolojia imewasaidia kwa kuchapisha kitabu cha madini yapatikanayo Tanzania, wilaya kwa wilaya, nacho ni kitabu chenye manufaa. Ningependa njia hiyo iwe na pande mbili: ofisi ya madini ya mkoa iwe na daftari la maduara, mchimbaji anapokuja kulipia leseni yake aulizwe na kina, na mwelekeo, na alichokikuta, na akiyaeleza apunguziwe ada. Wenye hofu kwamba atadanganya wajue kuwa hata kampuni hudanganya, kama tulivyokwisha kuona.

Ndugu zetu wa Kongo wamo katika mtihani mzito kuliko wetu, na sisi tusemao lugha moja na watu wa Lubumbashi na Kolwezi haifai tuwatazame kwa mbali. Sehemu kubwa ya ramani, madaftari na sampuli za wanajiolojia wa zama za Wabelgiji haiko Kongo. Imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, nje kidogo ya Brussels, na sasa kwa kuwa shaba na kobalti na lithi zinatafutwa na mataifa makubwa, kampuni nazo zimeanza kubisha hodi kwenye rafu zile. Imehifadhiwa vizuri, sikatai, na huenda kama ingebaki mahali pengine ingeliwa na mchwa. Lakini mwenye nchi kuomba ruhusa ng'ambo ili asome habari za kilima anachokiona dirishani kwake ni hali isiyofaa kudumu, hata nakala zikitolewa kwa ukarimu. Dodoma ilituepusha na hayo kwa sababu tu mtu fulani, mwaka 1925, aliamua ofisi ikae ndani ya nchi.

Basi nimalize kwa ombi lililo mahsusi. Golden Pride, kule Nzega, uliokuwa mgodi mkubwa wa kwanza wa dhahabu wa zama hizi mpya, ulifungwa mwaka 2014, na mingine itafuata kwa zamu yake, kwa kuwa hapana mgodi usiokuwa na mwisho. Mgodi ukifungwa, wakaguzi huja kutazama mashimo, maji na miti, na hilo ni haki. Naomba pamoja nao aje mtu wa Taasisi ya Jiolojia, apewe funguo za banda la sampuli kabla ya wafanyakazi wa mwisho hawajaondoka, aliangalie kila sanduku na namba yake, achague yanayopaswa kwenda Dodoma, na gharama ya malori itolewe katika dhamana ya ufungaji ambayo sheria yaitaka tayari. Masanduku ya mbao huliwa, namba za wino hufutika kwa jua, na pairaiti ikikaa katika unyevu hugeuka kutu na kuuharibu mche uliokuwa imara. Kwa hiyo jambo hili lina muda wake, na muda huo ni mfupi. Sasa nayangoja maswali yenu.